Iko Narara Chini

Mimi nikiingia nyumba ya mtu, kabla hata sijaketi, nainama. Najifanya nimeangusha kitambaa, au mgongo unanikaza, ilimradi pua yangu ifike karibu na sakafu. Nanusa. Wajukuu wamekwisha kunijua na wananicheka, wanasema bibi anawinda panya kwenye nyumba za wenyewe. Waache wacheke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi kilichoniuma hakikuwa hata na mkia wa kukanyaga.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ndoa yangu ilikuwa mwaka wa pili, tunakaa Kimisagara, mjini Kigali, kule chini bondeni ambako kila nyumba ina mtu anayegonga, anayechomelea au anayeshona kitu. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, vyumba vitatu mstari mmoja: sebule, stoo ndogo katikati, na chumba cha kulala mwisho; sebule na chumba cha kulala kila kimoja kilikuwa na mlango wake wa uani. Kati ya stoo na chumba cha kulala hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la kitenge tu, tena fupi, halikufika chini. Nililishona mwenyewe na kitambaa hakikunitosha. Hilo pazia fupi nitalitaja tena.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na hodari, sitamnyima sifa yake ingawa alinitia hofu ambayo mpaka leo sijaimaliza. Wamama wa ofisini walishuka kutoka Kimihurura kuja kushonesha makoti barazani kwetu. Tatizo lilikuwa vifungo. Vile vikubwa vya koti vilikuwa adimu, na ukivipata ni vyeusi vitupu, wakati mama wa ofisini hataki kifungo cheusi kwenye koti la kijani.

Siku moja akapita kwa jirani yetu mmoja, fundi bodi, aliyekuwa akiziba matundu ya magari yaliyoliwa na kutu. Yule alitumia rezini: uji mzito kama asali, anautia matone ya dawa ya kugandisha, anaupaka juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo, na baada ya muda unakuwa mgumu kama mfupa. Tone moja lilikuwa limedondoka juu ya bati likagandia palepale, duara, linang'aa, linapitisha mwanga. Mume wangu akalibandua kwa ukucha, akaja nalo nyumbani amelifumbata kama mtu aliyeokota pete. Akalitoboa matundu mawili. Kifungo hicho, tayari.

Basi tukaanza. Alikusanya vizibo vya soda, akavipaka nta ya mshumaa kwa ndani, akamimina rezini, na kabla haijashika anatumbukiza kipande cha uzi wa koti lenyewe. Kikitoka unaona uzi umejikunja ndani kama umelala kwenye maji. Sitaki kusema uongo, vilikuwa vizuri. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, nikamwambia nataka vyangu sita, vya gauni nitakalovaa siku ya kutoka arobaini, na ndani aweke uzi mwekundu. Akasema vya wateja kwanza. Nikanuna, na kununa najua.

Yule fundi bodi alipompa kopo la kwanza alimpa na maneno matatu. Alikuwa mtu wa milimani kaskazini, Kiswahili chake kile chetu cha Kigali cha iko-iko, ambacho r na l hazijuani hata kwa salamu. Mume wangu alirudi akinisimulia huku akimwigiza, na mimi nikacheka mpaka nikashika tumbo. Neno la kwanza, fanya kazi nje. La pili, usilete moto karibu. La tatu alilisema mara mbili, kwa mkono akionyesha ardhi: "Iko narara chini."

Sasa, wewe unayesoma, ungeelewa nini? Kwa Kinyarwanda, kurara ni kukaa mahali mpaka kuche. Mume wangu akaelewa kwamba rezini inatakiwa ilazwe chini, isiwekwe mezani, ikeshe pale sakafuni ndipo igande sawasawa. Ikamwingia akilini kabisa, kwa sababu sakafu imenyooka na meza yetu ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Tangu siku hiyo vizibo vyake vyote alivipanga chini, kwenye sakafu ya stoo, safu kwa safu, na kopo pembeni, na karai la ile dawa kali ya kuoshea brashi, ile inayotoa rangi ya kucha.

Neno la kwanza, la kufanya nje, alilijaribu siku mbili. Kiangazi kilikuwa kimeanza na vumbi la Kimisagara unalijua kama uliwahi kufua nguo nyeupe kule. Vifungo vikatoka vina mchanga juu kama maandazi yaliyoangukia njiani. Akahamia stoo, akafunga kidirisha, akasukumiza gunia chini ya mlango ili vumbi lisipenye. Na la moto halikumtisha. Jiko letu lilikuwa nje uani, ndani hatukupika. Alinihakikishia kwamba moto haukuwa na njia ya kufika stoo, nami nikakubali. Nani kwetu aliyewahi kukiita chetezo moto?

Mtoto akazaliwa, msichana, na siku ya pili mavyaa, mama yake mume wangu, akashuka kutoka Biryogo na furushi lake. Baba yake mavyaa alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, akapita Ujiji na Bujumbura, akafia hapahapa Kigali. Yeye mwenyewe pwani hakuwahi kuiona, lakini ada zake alizishika kwa meno. Mzazi hatoki nje siku arobaini. Mzazi hapigwi na upepo. Chumba cha mzazi kinafukizwa ubani asubuhi na jioni, na Ijumaa inafukizwa nyumba nzima, chumba hadi chumba, kabla ya swala ya adhuhuri kumalizika. Akaning'iniza blanketi dirishani, akalikaza kwa misumari. Kitanda akakikataa kwamba ni kirefu, mzazi akishikwa na kizunguzungu ataanguka na mtoto, akatandika godoro chini. Alinikanda, akanifunga tumbo, akanipikia uji wa pilipili manga. Mama yangu mzazi asingenilea vile, na nalisema hili mapema ili usije ukamchukia.

Ndipo tukalala, mimi na mwanangu, sakafuni, hatua nne kutoka kwenye vizibo, na kati yetu pazia ambalo halikufika chini.

Harufu niliisikia tangu siku ya kwanza. Ilikuwa tamu na kali, inakwaruza koo, unameza na haimezeki. Mavyaa akauliza ni nini, na mwanawe akamjibu ni utomvu, mama, kama ubani tu, si na ubani nao ni utomvu wa mti? Bibi wa watu akatulia. Kumbe ni ndugu yake ubani. Tangu hapo hakuiogopa tena, ila aliiona ni ndugu asiyejua kunukia, akawa anaongeza ubani wake mzuri ili umfunike. Asubuhi chetezo, jioni chetezo. Kichwa kikaanza kunigonga kuanzia wiki ya kwanza. Nikaambiwa ni maziwa yanapanda. Macho yakawasha, nikaambiwa ni moshi, nitazoea. Mume wangu yeye alikuwa anajifunga kitambaa puani akiingia stoo, na akitoka anakunywa glasi ya maziwa, kwa sababu wapaka rangi wote hufanya hivyo na maziwa huondoa sumu. Nikamuuliza kwa hasira na mtoto anywe maziwa gani zaidi ya haya anayonyonya. Akasema nisiwe na haraka ya kugomba, nitaharibu maziwa yenyewe.

Hofu haikunijia mara moja. Ilikuja kidogokidogo, kama maji yanavyopanda kwenye mkeka usioutazama. Kwanza nilifurahi kwamba mtoto wangu ni mpole. Watoto wa wenzangu wanalia hadi jirani anagonga ukuta, wangu analala. Analala, ananyonya kidogo, analala. Wiki ya tatu nikaona ananyonya mara tatu nne, anaachia titi, macho yanarudi nyuma kidogo, weupe unabaki. Kilio chake kikawa chembamba, cha mtu anayeita kutoka mbali. Nikawa simtazami tena usoni, natazama kifua tu. Kinapanda, kinashuka. Kikichelewa kupanda, moyo wangu unasimama na mimi nasimama nao.

Nikamwambia mavyaa. Akampaka mtoto wanja, akamvisha hirizi, akasoma, akampulizia utosini. Akasema ni kijicho, kuna mtu amemtaja. Nikamwambia mume wangu. Akaja, akamtekenya kisigino, mtoto akakunja mguu, akasema unaona, mzima. Wote wawili walinipenda, na wote wawili waliniona mzazi wa mara ya kwanza, mwoga, mwenye damu changa. Nilikuwa mwoga kweli. Wallahi sijawahi kuogopa hivyo, kabla wala baadaye, na Mungu anajua mambo niliyoyaona baadaye. Nilikuwa naogopa kulala nisije nikaamka na kifua kimetulia. Nikisinzia namfunga mkono wake kwenye kidole changu kwa uzi wa cherehani, ili akitikisika nijue, na asipotikisika pia nijue.

Siku ya thelathini na moja ikaangukia Ijumaa. Asubuhi ile mume wangu aliingia kwangu anatabasamu, akanionyesha kipande cha uzi mwekundu. Wateja wamekwisha, akasema, leo vyangu. Nilikuwa nimemsumbua miezi miwili kwa vifungo vile, na vilipofika sikuwa na hata nguvu ya kufurahi. Nikasikia anakoroga, anamimina. Alimimina vyangu sita na vingine vya akiba, akaosha brashi na vikombe kwenye karai, akaliacha karai wazi ili aje kumalizia, kisha akaoga, akavaa kanzu akaenda msikitini. Mlango wa stoo akaufunga. Gunia akalirudisha mahali pake, bwana, kwa uangalifu kabisa.

Tukabaki wanawake watatu nyumbani, mwanangu akiwa wa tatu. Mavyaa alikuwa jikoni uani anapuliza mkaa wa chetezo. Mimi nimejilaza, kichwa kinataka kupasuka, na harufu ile siku hiyo haikuwa harufu tena, ilikuwa kama kitu kimenikalia kifuani. Nikamtazama mwanangu. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoijua. Nikamwita, nikamtikisa, kichwa kikaenda upande kikakaa huko.

Nikamnyakua, nikasimama. Sikuwa na hesabu yoyote, nilisimama kwa sababu mtu akiogopa husimama. Na pale juu, nimesimama wima na mtoto begani, nikavuta pumzi, pumzi ikaingia. Nikashangaa. Mtoto akakohoa, akapiga chafya, akalia, na kilio kile kilikuwa na nguvu kidogo. Nikapiga magoti kumlaza ili nitafute khanga. Nilipofika usawa wa godoro harufu ikanirudia usoni kama nimefungua kopo, na mtoto akanyamaza. Nikasimama tena. Akalia. Yarabi, sikujifunza sayansi, darasa langu lilikuwa la sita, lakini hapo nilielewa. Kitu kile kilikuwa sakafuni. Kilikuwa kinapita chini ya pazia langu fupi na kutukuta tulipolala, na mavyaa anayeingia na kutoka akiwa amesimama, na mume wangu anayefanya kazi kwa kuchutama dakika mbili na kuondoka, hawakuwahi kulala nacho hata siku moja. Wao walilala sebuleni; tulilala nacho sisi tu. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimemlaza mwanangu ndani yake kwa mikono yangu.

Nikatoka. Mavyaa akanikuta kwenye mlango wa uani, chetezo mkononi, moshi umemzunguka kichwa. Akaniangalia miguu, kwa sababu nilikuwa pekupeku. Akaniuliza naenda wapi na zimebaki siku tisa, jua limesimama, vumbi linatembea, watu wanapita. Alisimama katikati ya mlango. Hakuwa mtu wa kusukumwa, na mimi sikuwa nimewahi kumpandishia sauti. Sauti ilitoka yenyewe, wala haikuwa kubwa.

"Mama, mtoto akinifia ndani ya arobaini, atakuwa amekufa kwa adabu?"

Sijui kama nilimtukana. Nadhani nilimtukana. Uso wake ulianguka, akasogea kando, nikapita. Nikavuka ua hadi kwenye kamba ya nguo, upepo ulipokuwa unavuma, nikamfungua mtoto nguo kifuani apate hewa. Nyuma yangu nikamsikia akisema polepole, si kwangu, kwa Mungu wake, kwamba nyumba hii imeingiliwa. Kisha akaingia ndani kufukiza. Ijumaa ilikuwa Ijumaa, na nyumba ambayo mzazi ameivunjia arobaini ilihitaji ubani mara mbili. La kuvunda halina ubani, wahenga walisema, lakini nani angemwambia?

Nilimwona akipita sebuleni, nikakumbuka. Stoo. Leo anafukiza kila chumba. Ijumaa zilizopita mume wangu alimaliza kazi Alhamisi na kufunika makopo, na leo karai liko wazi, kwa sababu ya vifungo vyangu. Usilete moto karibu. Nikafumbua kinywa kumwita na nakuapia sauti haikutoka. Mguu haukwenda. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sina la kujitetea. Kupitia mlango wa sebule nilimwona anafungua mlango wa stoo, anasogeza gunia kwa mguu, anainama kwa heshima zake zote kukiweka chetezo chini.

Hakukuwa na mshindo mkubwa. Kulikuwa na sauti ile ya jiko la mafuta la primasi likiwashwa baada ya kukataa, fuu, ila kubwa kama chumba. Kidirisha kikatoka mahali pake. Mavyaa akatoka mbio, nusu ya khanga yake inawaka, mkono wa kulia anauinua juu na mkono wenyewe una moto, kwa sababu rezini ilimrukia na rezini haipangusiki, inashika.

Nikamlaza mwanangu kwenye beseni tupu la nguo. Huo ndio uamuzi niliouamua. Nikazoa nepi mbichi kutoka kwenye kamba, nyingine kutoka kwenye ndoo, nikamfunika mavyaa, nikamwangusha, nikamlalia. Nepi za mjukuu wake. Majirani wakaja na mchanga na ndoo, na aliyefika wa kwanza alikuwa fundi bodi. Huyo hakuleta maji. Alikuja na blanketi nzito na mchanga, akawafukuza watu wote wasikaribie mlango, akang'oa pazia la sebule ili hewa ipite, akangoja moto wenyewe ukose cha kula. Stoo iliungua. Paa la chumba cha kulala liliungua nusu, na godoro letu liliungua lote.

Mume wangu alirudi kutoka msikitini anakimbia, kanzu ameishika juu ya magoti. Akakuta mama yake amelala kwenye mkeka wa jirani anatetemeka, mimi nimekaa chini na mtoto. Fundi bodi alikuwa amesimama pale, masizi usoni, na alikuwa na hasira ya mtu anayeogopa.

"Nilikwambia iko narara chini," alisema. "Hewa yake. Haipandi. Inatembea chini kama maji, inatafuta mtu mwenye kurala, inatafuta moto."

Nilimwona mume wangu akilirudia neno lile midomoni bila sauti, analigeuza r kuwa l. Akaketi palepale kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe.

Zahanati walimpokea mavyaa kwanza, kisha mimi na mtoto. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimsikiliza mtoto kifua, akauliza tulikuwa tunalala wapi na kulikuwa na nini. Nikamweleza mpaka nikafika kwenye blanketi la dirishani, nikashindwa kuendelea. Hakunigombeza. Akafungua dirisha lililokuwa juu ya benchi yetu, akasema nikae pale, nimnyonyeshe, ningoje. Sijui ni muda gani nilingoja. Nilihesabu pumzi hadi hesabu zikanipotea nikaanza tena. Kulipoanza kupoa mtoto alishika titi, akavuta kwa nguvu mpaka nikauma mdomo. Akavuta, akameza, akavuta. Nilianza kulia kwa sauti, na watu wazima kwenye foleni wakageuka kunitazama.

Alikua. Kifua chake kilibaki chepesi, baridi ikija anakohoa, lakini alikua, na mdomo wake kama wangu. Mume wangu aliacha vifungo mwaka mzima, kisha akavirudia tena, siwezi kumdanganyia, fundi ni fundi. Ila alifanyia kazi mbali, uwanja wa wazi nyuma ya gereji ya fundi bodi, juu ya meza, upepo ukimpiga mgongoni, makopo yamefungwa, brashi zinaoshwa na kufunikwa papo hapo, na mtu mwenye sigara anafukuzwa kabla hajasalimia. Vumbi likiingia kwenye kifungo alikiita kifungo cha Kimisagara na wateja wakazoea. Nyumbani hakikuingia hata kizibo kimoja. Vile vyangu sita vilipatikana kwenye majivu vimeshikana kuwa donge moja jeusi. Nilimwambia alitupe, akalitupa.

Mavyaa ndiye aliyebadilika kuliko sote. Mkono wake wa kulia ulipona vibaya, vidole viwili vilishikana na kiganja hakikufunguka tena, akawa anavuta tasbihi kwa kushoto. Hakurudi Biryogo, alikaa kwetu. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, na nilimsikia akienda dirisha hadi dirisha na ule mkono wake mmoja, kata, kata, komeo zinafunguka, hata msimu wa mvua, hata tukiganda. Ubani hakuacha, ila alifukiza uani. Hatukuwahi kuzungumza juu ya neno nililomwambia mlangoni. Mara moja tu, tunachambua mchele, binti yangu akiwa na miaka mitano hivi anacheza mbele yetu, aliniambia bila kuinua macho:

"Siku yangu ikifika, unifukize wewe. Wengine watafunga madirisha."

Ilifika mwaka uliofuata, kwa homa ya siku tatu. Wanawake wa kuosha maiti walikuja, watu wazima, wenye kujua kazi yao, na kitu cha kwanza walichofanya ni kufunga madirisha, kwa ajili ya stara. Nikayafungua. Wakanitazama kama nimerukwa na akili. Nikatundika khanga zake kwenye kila dirisha, zikawa zinatanuka na kurudi kwa upepo, mtu wa nje haoni kitu na hewa inapita. Wakaniacha. Tukamwosha. Tulipofika mkono wa kulia niliuchukua mimi, nikapitisha maji kati ya vile vidole vilivyoshikana, polepole, na nilimwomba msamaha hapo, kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Kisha wakaleta chetezo, cha udongo, kipya, mkaa umekolea. Sanda inafukizwa mara tatu. Nilikishika kwa mikono miwili, nikainama hadi karibu na sakafu, nikanusa. Palikuwa na maji na karafuu maiti tu. Nikazunguka mara ya kwanza, ya pili. Chetezo kilianza kuniunguza vidole, na mkubwa wao akaliona jambo hilo, akanihurumia. Akaniambia, mwanangu, kiweke chini upumzike.

Sikukiweka chini.